Mpango wa Habari na Hukumu ya Msomaji: Mazungumzo juu ya "Adili na Nduguze" na Hadithi Nyingine Mbili

Tunapozungumza habari za hadithi, desturi yetu ni kuigawa kazi ya mwandishi mafungu mawili: jambo lililosemwa, na namna lilivyosemwa. Fungu la kwanza twaliita maudhui, la pili twaliita fani. Mgawanyo huu una faida yake darasani, kwa maana mtu hawezi kutazama kila kitu kwa mara moja. Lakini una hatari pia. Mwanafunzi aliyezoea kuandika mafunzo ya kitabu katika ukurasa mmoja, na mbinu za mwandishi katika ukurasa wa pili, huja akadhani kwamba mafunzo yale yangalikuwa yale yale hata kama hadithi ingalipangwa vingine. Kwake mbinu ni mfano wa nakshi juu ya mlango: yapendeza macho, lakini mlango hufunguka na kufungwa hata pasipo nakshi.

Makala haya yadai kinyume cha hayo. Namna mwandishi anavyomgawia msomaji habari, yaani ipi atangulize na ipi acheleweshe, ipi aseme mara moja na ipi airudie, kwa macho ya nani na chini ya jina gani, ndiyo inayoamua msomaji atakuwa nani mbele ya hadithi. Msomaji mmoja huwekwa katika kiti cha hakimu; mwingine huitwa kuwa shahidi; mwingine hupewa taa akaambiwa atafute. Na funzo analoondoka nalo hutegemea sana kazi aliyopewa kuifanya alipokuwa akisoma.

Mfano mkubwa nautwaa kwa Shaaban Robert (1909–1962), na nautwaa kwa kusudi. Imekuwa kama ada kusema kwamba hadithi zake ni mawaidha yaliyovikwa kanzu ya kisa. Kwamba wahusika wake huchukua tabia zao katika majina yao, hata msomaji hana la kungojea. Ikiwa mbinu yaonekana kutenda kazi nzito kwa mwandishi kama huyu, asiyeficha shauri lake, basi haitakuwa shida kuiona kwa wengine.

"Adili na Nduguze" ilitolewa mwaka 1952. Kisa chake kwa ufupi ni hiki. Rai, mfalme wa Ughaibu, amtuma mtu wake Ikibali kwa Adili, liwali wa Janibu, kwa shughuli ya kodi. Akiwa mgeni katika nyumba ya liwali, Ikibali agundua kwa siri jambo la ajabu: usiku liwali huenda mahali walipofungwa manyani wawili, akawapiga, kisha akawatendea kwa huruma kana kwamba kupigwa kwao kumemwumiza yeye mwenyewe. Habari yafika kwa mfalme. Adili aitwa pamoja na manyani wake, na hapo ndipo yajulikana kwamba wanyama wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomtenda maovu, wakageuzwa na jini Huria, ambaye Adili alipata kumwokoa. Kuwapiga kila usiku si mapenzi ya Adili. Ni amri aliyowekewa.

Wasomaji wa Alfu Lela Ulela watatambua mara moja asili ya kisa hiki. Katika mkusanyo ule imo hadithi ya Abdullah bin Fadil, liwali wa Basra, na ndugu zake wawili, ambayo nayo yaanza kwa mjumbe wa Harun al-Rashid aliyekwenda kwa ajili ya kodi, akamwona liwali akipiga wanyama usiku. Kwa mtafiti wa mbinu, bahati kama hii ni adimu. Tunacho kisa kimoja chenye mifupa ile ile, kilichopita katika mikono miwili. Tukiangalia nini kilichoachwa na nini kilichobadilishwa, twaweza kupima kila badiliko limemfanyia nini msomaji.

Tuanze na kilichoachwa, nacho ni mwanzo. Matukio ya kisa, kwa taratibu ya wakati, yaanza mbali: ndugu watatu, mali ya baba, safari, wivu, hiana, adhabu. Msimulizi angaliweza kuyapanga hivyo. Hebu tufanye jaribio la kuipanga hadithi upya kichwani mwetu kwa taratibu hiyo. Tungaliwajua Hasidi na Mwivu wakiwa watu. Tungaliwaona wakimhini ndugu yao. Tungaliwaona wakigeuzwa wanyama. Mwishowe tungaliona mjeledi ukiwashukia, nasi, ikiwa twasema kweli, tungalifurahi. Mapigo yale yangalikuwa malipo, na msomaji angaliketi upande wa mwenye kupiga akiwa na moyo mkavu.

Lakini hadithi yatuleta kwenye mjeledi kwanza. Twasimama alipo Ikibali, twaona anachokiona, wala hatujui zaidi ya anavyojua yeye. Twaona mtu mwenye cheo, mwenye sifa njema mbele ya watu mchana, akitesa viumbe vilivyofungwa usiku. Kila msomaji mwenye moyo hutoa hukumu hapo hapo, na hukumu ni kwamba liwali huyu ana mambo mawili. Kisha, ukurasa baada ya ukurasa, hukumu ile yaanza kumshinda. Aliyedhaniwa dhalimu ndiye aliyedhulumiwa. Walioonewa huruma ndio waliotenda hiana. Na mjeledi wenyewe ni mzigo wa yule anayeushika. Msomaji hakuambiwa kwamba ni vibaya kumhukumu mtu kwa jambo ulilolichungulia usiku mmoja. Amemhukumu mwenyewe, na mwenyewe amelazimika kutengua hukumu yake. Tofauti baina ya kuambiwa jambo na kupitishwa ndani yake ni kubwa, nayo imeletwa na mpango wa habari tu, si na habari zenyewe.

Sasa tutazame kilichobadilishwa. La kwanza ni majina. Katika Alfu Lela Ulela liwali aitwa Abdullah, na ndugu zake Nasir na Mansur. Haya ni majina ambayo mtu yeyote mwema au mwovu aweza kupewa na wazazi wake. Hayatoi ushahidi wa upande wowote. Tena Nasir na Mansur ni majina ya nusura na ushindi, hata mtu akiyasikia hatazamii hiana. Shaaban Robert ayaweka kando, akamwita mmoja Adili, na wengine Hasidi na Mwivu. Hapa ndipo wakosoaji wasemapo kwamba ameiharibu hadithi, kwa sababu ametoa jawabu kabla ya swali.

Shitaka hili lastahili kujibiwa kwa makini. Ni kweli kwamba jina la Adili latangulia kutwambia tabia yake. Lakini jina hilo latamkwa mbele ya nani na wakati gani? Latamkwa kabla ya mjeledi na wakati wa mjeledi. Mwenye jina la uadilifu aonekana akifanya kitendo ambacho sura yake ni ukatili. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili yumo baina ya mashahidi wawili wanaopingana: jina lamtetea mtu, na mkono wake wamshitaki. Msomaji wa kisa cha Abdullah hujiuliza, "Mtu huyu ni mwema au mbaya?" Msomaji wa kisa cha Adili huulizwa swali gumu kuliko hilo: "Wema wawezaje kuonekana hivi?" Swali la kwanza huisha jawabu lipatikanapo. La pili hubaki na msomaji baada ya kitabu kufungwa, kwa sababu katika maisha yetu pia yako matendo ya haki yenye sura ya ukatili, na yako matendo ya ukatili yenye sura ya haki, na jina halitoshi kutupambanulia.

Tena yafaa kukumbuka kwamba majina ya ndugu wale wawili hayana nguvu juu yetu katika onyesho la usiku. Ikibali aona manyani tu. Angaliambiwa mapema kwamba mmoja ni Hasidi na mwingine ni Mwivu, huruma yake, na yetu, ingalipungua nusu. Basi mwandishi huyu anayesemwa kuwa hawezi kuficha neno, ameficha majina mawili mpaka pale yanapohitajika. Huo ni ustadi wa mtu aliyeyajua majina kuwa silaha, akajua wakati wa kuyatoa alani.

Badiliko la pili ni la wanyama wenyewe. Wale wa Basra ni mbwa. Wale wa Janibu ni manyani. Mtu mwenye haraka aweza kulipita jambo hili kama pambo. Lakini hebu tufikiri. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, hasa Waislamu wa pwani, mbwa ni mnyama ambaye mtu hujitenga naye; kumwona akipigwa hakumshitui kila mtu. Nyani ni kiumbe mwingine. Mikono yake ni mfano wa mikono yetu, na uso wake wapatana na uso wa binadamu kwa kiasi cha kutuchekesha na kututia haya. Katika mashamba yetu ni adui wa mkulima, lakini hata mkulima amtupiaye jiwe hujua kwamba amelengwa mtu nusu. Kwa kuwaweka manyani mahali pa mbwa, mwandishi amefanya mambo mawili kwa pamoja. Ametupa shaka tangu mwanzo kwamba ndani ya ngozi ile mna mtu, na hivyo siri itakapofunuliwa tutaiona kuwa yafaa, haikutupwa tu toka juu. Na amefanya mapigo yawe mazito zaidi, kwa sababu anayepigwa yu karibu nasi.

Badiliko la tatu ni mwisho. Katika Alfu Lela Ulela ndugu wale, baada ya kurudishiwa ubinadamu, warudia uovu wao na kumshambulia ndugu yao usiku kwa nia ya kumwua, na mwisho wao ni adhabu. Katika kitabu cha Shaaban Robert wanarudishiwa umbo la kibinadamu, wanatubu, na kupokewa tena katika udugu. Watu wengi huona hapa ulaini wa mwandishi mwenye kupenda mambo mazuri. Mimi naona kwamba mwisho huu umetokana na mwanzo kwa haki. Msomaji amefundishwa tangu usiku wa kwanza kwamba hukumu yake ya kwanza ilikuwa na kosa. Angalifikishwaje mwisho akaambiwa kwamba tabia ya mtu haigeuki, na kwamba hukumu ya kwanza juu ya Hasidi na Mwivu haina budi kusimama milele? Jina la Adili lilionekana kukanushwa na kitendo, kisha likathibitishwa. Majina ya Hasidi na Mwivu yalithibitishwa na vitendo, kisha yakakanushwa na toba. Hadithi imefungwa pande zote mbili. Aliyedhani kwamba majina yamekwisha kusema yote aona mwishowe kwamba majina mawili kati ya matatu yalisema ukweli wa muda tu.

Sitaki kudai kwamba kitabu hakina upungufu. Ziko sehemu ambapo mwandishi hawezi kungoja. Jambo likiisha kutendeka, au hata kabla ya kutendeka, aja na mawaidha mazuri ya lugha, yenye mizani ya kupendeza, lakini yanayofanya kazi iliyokuwa ya msomaji. Msomaji aliyekuwa akipima huona mizani ikiondolewa mkononi mwake, akapewa jumla iliyokwisha hesabiwa. Upungufu huu wenyewe ni ushahidi wa hoja yangu. Tunapochoka na mawaidha hatuchoki kwa sababu ni ya uongo. Mengi ni kweli tupu. Twachoka kwa sababu kwa kitambo tumenyang'anywa kazi yetu. Na mawaidha yale yale yakija baada ya msomaji kukosea na kujisahihisha, huyapokea kwa shukrani, kwani yataja jambo ambalo tayari limo moyoni mwake.

Tuitazame sasa "Kusadikika", iliyotangulia mwaka mmoja, yaani mwaka 1951. Hapa mwandishi atumia mbinu iliyo mbali na ile ya Adili. Hapana siri. Karama ashitakiwa kwa ajili ya elimu ya sheria, na mshitaki wake ni Waziri Majivuno. Katika kujitetea asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, nne za dunia, kisha mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya manufaa kwa nchi yao. Kila mjumbe apata taabu, kila mjumbe arudi na ujuzi, na kila mjumbe alipwa kifungo. Msomaji aliyemaliza habari ya mjumbe wa pili ajua itakavyokwisha ya tatu. Na aliyemaliza ya tatu hana shaka ya nne.

Kwa kanuni ya fumbo, hili ni kosa. Lakini hadithi hii haikujengwa juu ya fumbo. Imejengwa juu ya marudio, na marudio ni mbinu kongwe kuliko zote katika simulizi zetu. Katika hadithi za bibi zetu, wimbo ule ule huimbwa kila mhusika avukapo mto, na watoto wanaoujua ndio wanaoungojea kwa hamu zaidi. Baada ya "Paukwa" huja "Pakawa", na anayeitikia hana mashaka juu ya jawabu. Raha ya marudio ni ya kushiriki. Shaaban Robert aitwaa raha hiyo akaigeuza kuwa uchungu. Tunapoanza kujua mapema kwamba mjumbe atafungwa, kila jema analolipata njiani latuumiza, maana twajua litamfikisha wapi. Tumaini lake lawa zito kwetu kuliko taabu yake. Na baada ya wajumbe sita hatuna tena mkasa wa mtu mmoja mwenye bahati mbaya. Tuna desturi ya nchi. Mjumbe mmoja aliyefungwa angaliweza kuwa na kosa lake. Sita hawawezi.

Basi msomaji wa "Kusadikika" ameketi barazani pamoja na wenye kusikiliza kesi. Hakuitwa kuchungulia kama Ikibali, ameitwa kuhesabu. Ndiyo sababu mwisho wake, ambapo Karama ashinda na wafungwa wafunguliwa, hautushangazi bali watutua mzigo. Msomaji wa mwaka 1951, miaka 10 kabla ya uhuru wa Tanganyika, alisoma habari za nchi iliyo angani, asiyoweza kuonyeshwa katika ramani. Umbali ule ulimruhusu kuhesabu kwa utulivu, na baada ya kuhesabu kutazama alipo yeye mwenyewe.

Kwa mfano wa tatu nitasema machache. Katika "Mzimu wa Watu wa Kale" ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, mtu auawa, na maiti yake yaonekana penye mzimu. Bwana Msa, mwenye kiko chake, aanza kupeleleza. Majina ya wahusika hapa ni ya watu wa Unguja tuwajuao, nayo hayatusaidii lolote katika kumtambua mwovu. Habari zimefichwa kwa mpango, na msomaji amefanywa mtafutaji. Lakini angalieni kazi ya jina la kitabu. Kabla ya kusoma neno moja la kisa tumekwisha elekezwa kwa mizimu. Msomaji aliye na hofu za kale huanza kushuku palipo na hofu hizo. Naye Bwana Msa, kwa kufuata dalili moja baada ya nyingine, amrudisha kwa wanadamu na tamaa zao. Hapana hotuba ndefu juu ya ushirikina, wala haihitajiki. Msomaji ameona fikira zake mwenyewe zikienda njia isiyofika, na hiyo ni hoja yenye nguvu kuliko hotuba.

Tukiziweka hadithi hizi tatu pamoja, twaona kwamba zaweza kuandikwa, katika karatasi ya mtihani, kuwa na mafunzo yanayofanana: usihukumu kwa haraka, heshimu ukweli, usifuate dhana. Orodha kama hiyo ni sahihi, lakini haitwambii kwa nini tulisoma vitabu vitatu badala ya kimoja. Adili amfanya msomaji ahukumu, kisha ajute. Karama amfanya ahesabu mpaka hesabu iwe ushahidi. Bwana Msa amfanya atafute, na katika kutafuta ajue alivyopotezwa na hofu yake. Neno "haki" limo katika zote tatu. Lakini mtu aliyelifikia kwa kujuta halijui sawasawa na aliyelifikia kwa kuhesabu.

Kwa hiyo nawashauri wanafunzi wenzangu wa fasihi, kabla ya kuandika orodha ya mafunzo, waiulize hadithi maswali haya matatu. Nilijua nini, na wakati gani? Nilijulishwa kwa macho ya nani? Na kabla ya kuambiwa ukweli, nilikuwa nimekwisha amini nini? Swali la tatu ndilo gumu, kwa sababu msomaji akimaliza kitabu husahau upesi alivyokosea katika sura ya kwanza, akajiona kama aliyejua tangu mwanzo. Mhakiki ana wajibu wa kukumbuka. Aurudie ukurasa ule wa usiku, asimame tena mlangoni kabla ya siri kufunuliwa, na aiandike hukumu yake ya kwanza kama ilivyokuwa. Hapo ndipo atakapoona mkono wa mwandishi ukifanya kazi, na ndipo fani na maudhui zitakapokoma kuwa kurasa mbili katika daftari lake.